Matende, Chumvi na Uuguzi: Vyuo Vikuu na Wakazi wa Léogâne, Haiti

Mtu aliyekulia pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hahitaji kuelezwa busha ni nini wala mguu wenye matende unafananaje. Katika tambarare ya miwa ya Léogâne, magharibi mwa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ugonjwa ni huo huo na minyoo wanaousababisha ni wale wale, Wuchereria bancrofti, waliovuka Atlantiki ndani ya miili ya Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa Kikrioli cha Haiti busha huitwa maklouklou, na mguu uliovimba huitwa gwo pye, yaani mguu mkubwa. Ninaanza na ugonjwa huu kwa sababu, kwa maoni yangu kama mwalimu wa afya ya jamii, hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi kuliko Léogâne kile ambacho chuo kikuu cha mbali kinaweza kuwafanyia watu wa vijijini, na kile ambacho hakiwezi.

Mwaka 1993, Thomas Streit, padre ambaye pia ni mwanabiolojia wa University of Notre Dame katika jimbo la Indiana, Marekani, alianzisha mpango wa chuo hicho huko Léogâne, ukifanya kazi pamoja na Hospitali ya Sainte-Croix, wizara ya afya ya Haiti na watafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Mpango huo ulichagua mji mmoja na ugonjwa mmoja. Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo mbele ya umaskini wa nchi nzima, lakini ndio uliowawezesha watafiti kurudi katika kaya zile zile mwaka baada ya mwaka, kupima damu za watoto walewale wakikua, na kujua kwa hakika kama kilichofanyika kimeleta nafuu au la.

Matende hayamalizwi kwa kumtibu mgonjwa mmoja mmoja. Minyoo wakubwa hukaa katika mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa, wakizaa vijimnyoo vidogo ambavyo huingia kwenye damu ya mishipa iliyo karibu na ngozi hasa usiku, na hapo mbu huvinyonya na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Mbu anayehusika zaidi Haiti ni aina ya Culex, anayezaliana kwenye maji machafu ya mifereji na vyoo. Dawa za kingatiba huua vile vijimnyoo vidogo, lakini hazimalizi minyoo wote wakubwa, na kwa hiyo jamii nzima, wagonjwa kwa wazima, inapaswa kumeza dawa kila mwaka kwa angalau duru tano, huku wanaomeza wakiwa si chini ya asilimia 65 ya wakazi wote. Haiti imetumia dawa iitwayo DEC pamoja na ile ya albendazo, kama ilivyofanyika katika pwani ya Kenya. Tanzania, ambako baadhi ya maeneo yana ugonjwa wa usubi (upofu wa mtoni), hutumia ivermectini badala ya DEC, kwa kuwa DEC inaweza kumdhuru macho mtu mwenye usubi.

Ugawaji wa dawa Léogâne ulianza mwaka 2000. Maambukizi yalikuwa mazito tangu mwanzo, na hata baada ya duru nyingi kuliko tano bado yaliendelea kuonekana. Kwa nchi nzima, jiji la Port-au-Prince lenyewe, lenye msongamano mkubwa na mifereji iliyoziba, lilifikiwa kwa mara ya kwanza katika duru iliyomalizika mwanzoni mwa mwaka 2012. Ninataja ugumu huu kwa makusudi. Anayesoma taarifa za miradi hukutana zaidi na ushindi, ilhali wahudumu wetu wa Tanga au Lindi wanajua kwamba mtu mmoja anayekataa kidonge kila mwaka kwa sababu anajiona mzima anaweza kuwa ndiye ghala la maambukizi ya mtaa wake.

Ugumu huo ndio uliowafanya washirika hao watafute njia nyingine, nayo ikawa chumvi. Chumvi ikichanganywa na kiasi kidogo cha DEC na kuliwa kila siku, humpa mtu dawa bila kampeni wala foleni, na China ilikuwa imeitumia njia hiyo kwa mafanikio makubwa katika karne iliyopita. Haiti ina mashamba ya chumvi ya bahari, lakini chumvi yake nyingi ilikuwa chafu, yenye chembe kubwa na haikuwekwa madini joto, jambo linalowaacha watoto katika hatari ya upungufu ambao hudumaza akili na kuleta rovu. Mpango wa Notre Dame ukanunua chumvi ghafi ya wenyeji, ukaisafisha, na kuitia madini joto pamoja na DEC. Hapa afya na elimu zilikutana kwenye chungu kimoja, kwa kuwa mtoto aliyekosa madini joto tangu tumboni huingia darasani akiwa tayari amenyimwa sehemu ya uwezo wake. Shida ilibaki kwenye bei, kwani chumvi iliyosafishwa hugharimu zaidi, na mama anayenunua chumvi ya kupima sokoni ataichagua ile ya bei nafuu.

Kwa wale ambao miguu yao ilikuwa imeshavimba, dawa ya kuua minyoo haikutosha. Kliniki ya Léogâne, tangu miaka ya 1990, iliwafundisha wagonjwa jambo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya: kuosha mguu kwa sabuni na maji safi kila siku, kuukausha vizuri katikati ya vidole, kutunza michubuko, kuuinua wakati wa kukaa na kulala, na kuufanyisha mazoezi mepesi. Mashambulizi ya homa na maumivu makali huletwa na bakteria wanaopenya kwenye ngozi iliyopasuka, na yakipungua, uvimbe nao huacha kuongezeka. Wagonjwa, wengi wao wanawake, walikusanyika katika vikundi vya kusaidiana. Mwanamke aliyekuwa akijifungia ndani kwa miaka alikutana na wenzake wenye mguu kama wake, wakabadilishana ujuzi wa kuosha na wa biashara ndogo. Kwangu mimi, hii ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika habari ya Léogâne, na gharama yake kubwa ilikuwa sabuni na muda wa muuguzi.

Muuguzi huyo anatoka wapi? Mwezi Januari 2005, kitivo cha uuguzi cha Chuo Kikuu cha Kiepiskopali cha Haiti, kinachojulikana kwa kifupi kama FSIL, kilifunguliwa Léogâne kikiwa cha kwanza nchini kutoa shahada ya uuguzi ya miaka minne. Aliyepigania kuanzishwa kwake kutoka upande wa Marekani ni Ruth Barnard, profesa mstaafu wa uuguzi wa University of Michigan, na mfuko wa kukichangia ukaundwa katika mji wa Ann Arbor. Hata hivyo, mkuu wa kitivo alikuwa Mhaiti, Hilda Alcindor, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi Marekani kisha akarudi nyumbani. Wageni walitafuta fedha na kuja kufundisha kwa vipindi, lakini mamlaka juu ya mtaala na nidhamu ya wanafunzi yalikuwa ya mtu ambaye hakuwa na ndege ya kurudi mwisho wa muhula.

Tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na dakika 53 jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga, kitovu chake kikiwa karibu na Léogâne. Sehemu kubwa sana ya majengo ya mji huo ilianguka au kuharibika. Jengo la FSIL lilisimama. Huko Port-au-Prince, shule ya taifa ya uuguzi iliporomoka ikiwa na wanafunzi ndani, wengi wakafa, na haiwezekani kulitaja jambo hilo bila uchungu. Wanafunzi wa Léogâne, wengine wakiwa hawajui kama ndugu zao wako hai, walianza jioni ile ile kusafisha majeraha na kufunga mifupa iliyovunjika, na uwanja wa chuo ukawa hospitali ya maelfu ya watu kabla ya timu za kimataifa kufika.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kiliingia. Kililetwa na maji machafu kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, yaliyoingia katika kijito kinachomwaga maji mto Artibonite. Watu karibu 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata, na Umoja wa Mataifa uliomba radhi mwezi Desemba 2016. Mwanakijiji aliyeshuhudia hayo ana sababu ya haki ya kumwogopa mgeni anayebisha hodi akiwa na vidonge mkononi. Mpango wa afya unaopeleka wanafunzi wa kigeni kwa wiki mbili, kisha wengine wiki mbili mwaka unaofuata, hauwezi kuijenga tena imani hiyo, hata wanafunzi hao wawe na moyo mwema kiasi gani.

Lugha nayo ina nafasi yake. Karibu Wahaiti wote huzungumza Kikrioli, ilhali Kifaransa ni cha wachache, na bado shule nyingi zimekuwa zikifundisha kwa Kifaransa. Mwanaisimu Mhaiti Michel DeGraff, wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, ameongoza ushirikiano wa kuandaa zana za hisabati na sayansi kwa Kikrioli, na mwaka 2013 chuo hicho na serikali ya Haiti vilitia saini makubaliano. Utafiti wake umegusa shule ya jamii ya Matènwa, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika kisiwa cha La Gonâve, ambako watoto huandika vitabu vyao wenyewe vya hadithi kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa njia hiyo ataweza kusoma maelekezo yaliyo kwenye pakiti ya dawa, mradi yawe yameandikwa kwa Kikrioli.

Mwezi Juni 2024 polisi wa Kenya walianza kuwasili Haiti kukabiliana na magenge yenye silaha, na wengi wetu tumelisikia jina la nchi hiyo kwa sababu yao. Mwezi Novemba mwaka huo Marekani ilizuia ndege za mashirika yake kutua Port-au-Prince baada ya ndege kupigwa risasi. Mhadhiri wa Indiana au Michigan hawezi tena kupanga safari kama zamani. Lakini minyoo wakubwa waliobaki katika miili ya watu wanaendelea kuzaa, na kingatiba ya mwaka humezwa pale tu ambapo mkazi aliyefundishwa ana daftari la kaya, ana dawa stoo, na wenye nyumba wanamjua.