Je, Wajua Kwa Nini Machweo ya Kaskazini ya Mbali Hayaishi Upesi?

Anayepiga picha Mombasa anajua kwamba mwanga wa dhahabu wa jioni haumngoji mtu. Jua likishalegea ana kama nusu saa ya kazi, kisha giza linaingia na taa za barabarani zinawaka. Huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, mambo ni mengine kabisa. Mwezi Machi na Aprili, majira ya kuchipua, mpiga picha anaweza kusimamisha stendi yake ya kamera, akapiga picha za mlima, akahamia upande wa pili wa ghuba, akajipanga upya, na mwanga bado ni uleule. Kwa nini?

Jibu linalosikika sana ni kwamba jua la huko ni dhaifu kwa sababu kaskazini iko mbali nalo. Linaingia akilini kwa urahisi, maana kule ni baridi, na kitu cha moto kilicho mbali hakichomi. Lakini hesabu zinalikataa. Tarehe 20 Machi, kila mji kwa adhuhuri yake, Mombasa iko karibu na jua kuliko Tromsø kwa kama kilomita 4,100 tu. Jua lenyewe liko umbali wa karibu kilomita milioni 150. Tofauti hiyo haitoshi kubadili chochote ambacho jicho au kamera ingekiona.

Isitoshe, umbali kati ya dunia na jua hubadilika mwaka mzima, na hubadilika kinyume cha dhana hiyo. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na hulikimbia zaidi mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152. Sasa angalia: Januari hiyohiyo, dunia ikiwa karibu na jua kuliko wakati wowote, Tromsø haijaliona jua tangu mwishoni mwa Novemba. Na Julai, dunia ikiwa mbali kabisa, jua la Tromsø halizami hata saa sita ya usiku. Kama umbali ndio ungekuwa sababu, kalenda yote ya kaskazini ingegeuka juu chini.

Wengine husema basi jua la huko hutembea polepole. Hilo nalo si kweli. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, kwa hiyo jua linaonekana kupita angani kwa digrii 15 kila saa, uwe Lamu, Kampala au Tromsø. Kasi ni moja. Kinachotofautiana ni mwinamo wa njia.

Mfikirie mkwezi anayeshuka mnazi kwa mwendo usiobadilika. Mnazi ukiwa umesimama wima, kila pima anayoshuka inamsogeza pima nzima kuelekea ardhini, na punde yuko chini. Sasa mpe mnazi ulioinamishwa na upepo wa bahari mpaka ukakaribia kulala. Mikono yake inapita shina kwa mwendo uleule, lakini sehemu kubwa ya safari yake ni ya kwenda pembeni. Mnazi huo ukiwa umeinuka digrii 20 tu kutoka ardhini, atapita karibu pima tatu za shina ndipo ashuke pima moja. Ukiinuka digrii 12, zitakuwa karibu tano.

Tarakimu hizo ndizo za majira haya. Siku ambayo mchana na usiku hulingana, jua la ikweta hushuka karibu wima. Tromsø, iliyo karibu na nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta, jua hushuka kwa mwinamo wa digrii 20 hivi. Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard, kaskazini zaidi ya Norwei bara, kwenye nyuzi 78, ni digrii 12. Tukihesabu mwanga wa dhahabu kuanzia jua likiwa digrii 6 juu ya upeo wa macho hadi linapozama, Mombasa tunapata kama dakika 27. Tromsø ni kama dakika 80, na Longyearbyen ni saa mbili na dakika 20 hivi. Baada ya hapo huja utusitusi wa buluu, ambao nao hurefuka kwa sababu hiyohiyo: dakika 20 na ushei Mombasa, kama saa nzima Tromsø. Asubuhi yote hayo hujirudia kwa mpangilio wa kinyume.

Tahadhari mbili hapa. Hizo digrii 6 ni desturi ya wapiga picha, si sheria ya maumbile. Rangi haibadiliki ghafla jua likivuka mstari huo. Na hesabu hizi zinachukulia kwamba upeo wa macho uko wazi, ilhali kaskazini mwa Norwei na Svalbard ni nchi ya milima. Longyearbyen jua hurudi juu ya upeo katikati ya Februari, lakini milima huuzuia mji usilione hadi karibu tarehe 8 Machi, siku ambayo watu hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani kuipokea miale ya kwanza. Mpiga picha anayetegemea jedwali la saa za machweo bila kutazama ramani ya milima anaweza kujikuta kivulini mapema sana.

Rangi ya dhahabu yenyewe inatokana na hewa. Jua la utosini hupenya unene mmoja wa angahewa. Likiwa digrii 20 juu ya upeo, miale yake hupita hewa karibu mara tatu zaidi, kwenye digrii 6 karibu mara tisa, na kwenye upeo wenyewe karibu mara 38. Njiani, molekuli za hewa huitawanya buluu kwa nguvu karibu mara sita kuliko nyekundu, kwa hiyo inayofika moja kwa moja ni ile ya njano na nyekundu. Buluu iliyotawanyika haipotei: inabaki angani, na kutoka angani inaangukia kwenye vivuli.

Ndiyo maana hata adhuhuri ya Machi kule si adhuhuri tunayoijua. Kwenye visiwa vya Lofoten vya Norwei, nyuzi 68, mtu wa urefu wa mita 1.7 hutupa kivuli cha zaidi ya mita nne saa sita ya mchana wa tarehe 20 Machi. Siku hiyohiyo Mombasa kivuli chake ni cha sentimita 12 hivi, kimejificha miguuni. Msimu huo Lofoten imejaa vichanja virefu vya mbao ambapo samaki hukaushwa bila chumvi, wamefungwa wawili wawili kwa mikia. Mwanga unawajia ubavuni mchana kutwa, na kila kamba, kila ukingo wa ngozi iliyokunjamana, unaonekana kwa kivuli chake. Kwa picha za maumbo na miparuzo, sijui mwanga mzuri kuliko huo.

Swali la haki ni hili: kama ni mwinamo tu, Septemba haitoshi? Njia ya jua ya mwisho wa Septemba inalingana na ile ya Machi. Kinachokosekana ni theluji. Wengi husikia majira ya kuchipua wakafikiria maua, lakini rekodi ya Tromsø ya theluji yenye kina kikubwa zaidi, sentimita 240, ilipimwa tarehe 29 Aprili 1997. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo bonde zima huwa chanzo cha pili cha mwanga. Uso wa mtu aliyelipa jua kisogo hauwi mweusi. Unamulikwa kutoka chini. Vuli yenye ardhi ya kahawia haina zawadi hiyo.

Dhana nyingine inayofaa kusahihishwa ni kwamba rangi hizo zinatokana na hewa safi kupita kiasi. Katika miaka ya 1950 marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka juu ya Aktiki, eneo la kuizunguka ncha ya kaskazini ya dunia, waliripoti ukungu mkavu, na baadaye ikajulikana kuwa ni uchafu wa viwanda na moshi unaosukumwa kutoka kusini, hasa Ulaya na Asia. Hufikia kilele mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa kuchipua, wakati huuhuu wa picha. Siku nyingine huufifisha upeo na kuyavika machweo utando. Siku nyingine haupo, na milima ya mbali inaonekana kwa ukali.

Anayepanga safari ajue pia kwamba msimu huu unakwenda mbio. Karibu na tarehe 20 Machi, mchana wa Tromsø huongezeka takriban dakika nane au tisa kila siku. Mwishoni mwa Aprili jua bado linazama, lakini usiku haupiti utusitusi, na anayetafuta nyota au mwanga wa kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, amechelewa. Kuanzia karibu tarehe 20 Mei halizami tena. Svalbard hatua hiyo hufikiwa mwezi mmoja kabla, karibu tarehe 20 Aprili.

Kuhusu kamera yenyewe, tatizo kubwa ni theluji. Kifaa cha kupimia mwanga hudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa, ni ya kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga na theluji inatoka kama majivu. Ongeza mwangaza kwa hatua moja hadi mbili. Kwenye simu nyingi unagusa skrini kisha unasogeza alama ya jua. Angalia usizidishe hadi mikunjo ya theluji ikapotea. Mpangilio wa rangi (white balance) nao usiuachie kamera ijiamulie, kwa sababu itaiona dhahabu ya kwenye vilele na buluu ya vivulini kuwa kasoro, na itajaribu kuzifuta zote mbili. Chagua mpangilio wa mwanga wa jua na uuache hapohapo, au hifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, uamue baadaye. Buluu ya vivuli vya theluji ni halisi: hapo jua halifiki, na theluji inarudisha rangi ya anga peke yake.