Je, wajua kwa nini kuna watu wanaoshona nguo za karne ya 14 kwa mkono ili waende kuwinda?

Ukiwakuta msituni huko Ufaransa au Denmark, utaanza kutafuta kamera ukidhani watu wanapiga filamu. Kamera haipo. Yupo mwanamke mwenye kofia ya sufu iliyofunika mabega na kuacha mkia mwembamba ukining'inia mgongoni, yupo mwanamume mwenye upinde wa mti mtupu na baragumu la pembe ya ng'ombe kiunoni, na wote wananuka moshi wa kuni. Mavazi hayo hayakutoka dukani. Kitambaa walikichovya wenyewe kwenye rangi ya majani, wakakikata sakafuni sebuleni, wakakishona kwa sindano na uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Suruali moja inakula jioni nyingi. Na cherehani ipo nyumbani, imefunikwa.

Sasa kwa nini mtu ajitese hivyo? Anayetaka nyama ana bunduki, na anayetaka kupendeza kwenye picha angempelekea fundi kitambaa akamalizana naye. Hawa wana hamu nyingine. Vipo vitabu vya uwindaji vilivyoandikwa miaka 600 na zaidi iliyopita, nao wanataka kujua kama yaliyomo yanafanya kazi. Tatizo ni kwamba waandishi wale hawakueleza kila kitu, kwa sababu msomaji wao alikuwa na suruali ileile mguuni na upinde uleule mkononi. Yale yaliyorukwa ndiyo yanayotafutwa, na huyapati kwa kukaa maktabani peke yake.

Kitabu kikubwa kuliko vyote ni cha Gaston Fébus, mtawala wa Foix na Béarn, chini ya milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa. Alianza kukiandika tarehe 1 Mei 1387, akiwa amekwisha kupita miaka 50. Hakuwa mnyenyekevu. Alisema amependa mambo matatu maishani, yaani silaha, mapenzi na uwindaji. Katika mawili ya kwanza wapo waliomzidi, lakini hilo la tatu hana hakika kama yupo. Alidai pia kwamba mwindaji huenda peponi, kwa kuwa hana nafasi ya kukaa bure, na kukaa bure ndiko kunakozaa dhambi. Kwa hoja hiyo wapagazi wote wa Kariakoo wameshajiwekea nafasi. Alifariki mwaka 1391, siku aliyotoka kuwinda dubu. Baadaye Mwingereza Edward, mwenye cheo cha Duke wa York, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza na kuongeza sura zake mwenyewe, kabla ya kuuawa katika vita vya Agincourt mwaka 1415.

Nakala maarufu zaidi ya Fébus, iliyochorwa Paris mwanzoni mwa karne ya 15, iko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na ina picha 87. Unaona mitego, nyavu, mbwa wanaotibiwa makucha, watu wamejificha nyuma ya majani. Lakini picha haikuonyeshi mshono. Kwa mshono inabidi uende makaburini.

Mwaka 1921 mwanaakiolojia wa Denmark, Poul Nørlund, alifukua makaburi ya Wanorse, yaani walowezi wa zamani kutoka Skandinavia, huko Herjolfsnes, kusini mwa Greenland. Ardhi iliyoganda ilikuwa imehifadhi magauni na kofia za sufu ambazo watu walizikwa nazo kama sanda. Leo ziko Copenhagen. Mwaka 1936, katika kinamasi cha Bocksten nchini Sweden, ulipatikana mwili wa mwanamume wa karne ya 14 uliopigiliwa chini kwa vigingi, na nguo zake karibu zote zikiwa bado mwilini: kanzu fupi, joho, kofia yenye mkia, na soksi ndefu za sufu. Nani alimuua, na kwa nini, ni habari nyingine. Kwa mafundi wa leo yule marehemu ni kitabu cha mitindo. Fundi wa kanzu wa Lamu au Unguja angeyatazama magauni ya Greenland akaitambua kazi hapo hapo: kiwiliwili kilichonyooka, na ubavuni vipande vya kupanua pindo, kama taharizi za kanzu, ili mtu apige hatua bila kitambaa kupotea bure.

Tuje kwenye suruali, maana hapo ndipo siri nyingi zilipo. Mwindaji wa mwaka 1390 hakuvaa suruali kama yetu. Alivaa chupi pana ya kitani, na juu yake miguu miwili ya sufu isiyoungana, kila mmoja ukibana kuanzia wayo hadi pajani na kufungwa kwa vikamba kwenye kizibao. Sufu iliyofumwa kwa kitanda cha mfumi haina mpira. Ukiikata kwa kufuata uzi, goti linabanwa na hutaweza kuchuchumaa. Ukiikata mshazari, inavutika na kurudi. Hapo cherehani inaanza kushindwa: mshono wake, uzi mmoja juu na mwingine chini, hauna nafasi ya kutosha ya kuvutika, kwa hiyo ukichuchumaa nyuma ya kichaka uzi unakatika. Mshono wa mkono unaokwenda hatua moja mbele na nusu hatua nyuma unacheza pamoja na kitambaa. Kwa hiyo sindano hapa si ushamba wala ibada ya mambo ya kale, ingawa wapo wanaoifanya ibada.

Halafu kuna vikamba. Ukivifunga vyote kwa nguvu, huwezi kuinama. Katika michoro ya zamani unawaona watumishi wamefungua vile vya nyuma, suruali imeshuka na chupi iko nje. Inaonekana kama mzaha wa mchoraji. Ivae wewe, uiname kuchota maji kijitoni, utaona kwamba mchoraji alikuwa anaripoti tu.

Kuhusu rangi, vitabu vinashauri kijani kwa uwindaji wa ayala, mnyama mwenye pembe za matawi, wakati wa joto na kijivu kwa nguruwe mwitu wakati wa baridi. Kijani hicho kilipatikana kwa kuchovya mara mbili, njano kwanza kisha buluu au kinyume chake. Buluu ilitoka kwenye mmea wa jamii ya kabichi ambao majani yake yana rangi ileile ya nili. Sufu ikitolewa kwenye pipa ina rangi ya njano chafu inayoelekea kijani, na ikipigwa na hewa inageuka buluu huku unaitazama. Hata aliyeuona mgeuko huo mara nyingi husimama kuutazama tena.

Je, ayala anaiona tofauti hiyo? Macho ya wanyama wa jamii yake hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Lakini buluu yanaiona vizuri, na yanaona hata sehemu ya mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Sabuni nyingi za siku hizi zina kemikali za kung'arisha zinazomeza mwanga huo na kuutoa tena kama buluu, na nguo iliyofuliwa nazo inawaka machoni pa mnyama. Sufu ya majani haina kitu hicho. Haimetimeti, haifanyi "chwaa" ikigusa matawi kama koti la plastiki, inabaki na joto hata ikilowa, na cheche ya moto ikiiangukia haiyeyuki ikagandia ngozi. Kwa maoni yangu, kijani chenyewe hakikuwa na uzito kama huo ukimya wa kitambaa.

Viatu havihitaji maneno mengi. Hushonwa ndani nje kisha vikageuzwa, na soli ni ngozi tupu, kwa hiyo unalihisi tawi kavu chini ya mguu kabla halijavunjika. Umande tu unatosha kuvilowesha.

Upinde nao una akili yake. Ule uliosifiwa zaidi Uingereza ulichongwa kutoka mti uitwao yuu, unaokua taratibu na wenye majani ya sumu. Sehemu nyeupe ya nje ya mti huo huvutika bila kukatika, na moyo wake mwekundu hustahimili kubanwa. Fundi huchonga fimbo moja yenye zote mbili, weupe upande wa shabaha na wekundu upande wa mpiga upinde. Mshale wa kuwinda ulikuwa na kigumba kipana chenye makali na mabawa mawili yaliyorudi nyuma, ili ukate mishipa mnyama avuje damu haraka, tofauti na kile chembamba cha kutobolea chuma vitani. Fébus mwenyewe hakujivunia upinde. Anayetaka kuujua vizuri, alisema, aende Uingereza.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii si ngeni. Waata wa upande wa Tsavo, ambao wengi wanawajua kwa jina la Waliangulu, waliangusha tembo kwa mishale ya sumu na pinde nzito zinazolinganishwa na zile za Waingereza wa zamani, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Kijana wa Kihadzabe akitaka kujua mshale unanyooshwaje, anamtazama baba yake. Ulaya mnyororo huo ulikatika: hakuna babu wa kuulizwa jinsi ya kukata suruali ya mwaka 1390. Ndiyo maana wanawauliza marehemu wa kinamasini.

Na bado upinde haukuwa uwindaji wa heshima. Uliotukuzwa ni ule wa kumfukuza ayala mmoja, yule wa Zaburi ya 42, kwa mbwa na farasi hadi achoke na kugeuka kupambana. Mmoja tu, tena aliyechaguliwa. Alfajiri wasasi walitawanyika, kila mtu na mbwa mmoja wa kunusa aliyefungwa kamba na kufunzwa asibweke. Walipima nyayo, wakatazama mnyama amesugua pembe zake kwenye mti kwa urefu gani, na wakaokota kinyesi. Kinyesi kilitiwa ndani ya baragumu, mdomo ukazibwa kwa nyasi, kikapelekwa mahali ambapo bwana mkubwa alikuwa akila asubuhi. Katika nakala ya Paris iko picha ya mkutano huo: meza imetandikwa kitambaa, watu wanakula, na mavi ya ayala yamemiminwa hapo hapo mezani yanajadiliwa kwa uzito wote. Walitaka dume lenye matawi kumi au zaidi kwenye pembe, na unene na umbo la kinyesi vilikuwa sehemu ya ushahidi. Zoezi hili linaigwa leo kwa urahisi kuliko mengine yote, kwa kuwa hakuna sheria inayomkataza mtu kuokota mavi.

Mengine yana sheria. Uingereza kuwinda kwa upinde ni kosa, na sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilipiga marufuku kumwinda mnyama kwa kundi la mbwa huko England na Wales. Ujerumani ilikataza kumfukuza mnyama kwa mbwa na farasi tangu mwaka 1934, na upinde nao hauruhusiwi kwa uwindaji. Ufaransa imeruhusu upinde tangu mwaka 1995, kwa masharti ya mafunzo na leseni, na uwindaji wa mbwa na farasi unaendelea huko kihalali licha ya kelele nyingi. Marekani upinde unaruhusiwa katika majimbo yote, ila majimbo mengi humlazimisha mwindaji avae rangi ya chungwa kali wakati wa msimu wa bunduki, hata kama chini yake amejifunika sufu ya kijani aliyoihangaikia mwaka mzima.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya "uwindaji" huu haimwagi damu. Wanapiga sanamu za wanyama za sponji zilizofichwa msituni, wanafuata nyayo hadi wamwone mnyama kisha wanarudi, au wanawaachia mbwa harufu iliyoburuzwa ardhini na mtu. Wapo watakaosema bila kuua hujawinda. Huenda wana haki yao, lakini swali la kama suruali inapasuka linajibiwa bila ayala kufa.

Kilicho kigumu kurudisha ni mbwa. Aina kadhaa zilizotajwa na Fébus hazipo tena, na malezi yao yalikuwa kazi ya maisha. Anataka mtoto wa kuwatunza aanze akiwa na miaka saba, ajue jina na rangi ya kila mbwa. Banda linyanyuliwe juu ya ardhi, majani makavu yabadilishwe kila siku, uwepo uwanja wenye jua, na nje visimikwe vijiti vilivyozungushiwa majani ili mbwa wakojolee huko. Usiku mtoto mmoja alale bandani humo humo, awazuie wasipigane. Wamepatikana watu wa kushona suruali kwa mkono mwaka mzima, na wa kuchonga upinde, na wa kujadili kinyesi juu ya meza. Wa kulala bandani sijawasikia.