Usiuze injini ya boti ununue kamera

Wiki hii wamekuja watatu dukani kwangu pa picha na wote neno lao ni lilelile. Wa mwisho ni kijana anavusha watu Shela na Manda hapa kwetu Lamu kwa boti, akaja na kamera aloachiwa na mgeni, kamera nzuri tu ya zamani kidogo na lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-55, akaiweka mezani kama analeta samaki alolala jua, akanambia "ami, hii haina kitu, nataka niuze injini nichukue ile kamera kubwa." Injini ya boti! Ile inayomlisha yeye na mamake na wadogo zake. Nikaona bora niandike haya maneno ninayoletewa kila siku na majibu yake, manake nikisema na mmoja mmoja mwaka utaisha na injini zitakuwa zishauzwa.

"Kamera yangu mbovu ndo maana picha hazitoki"

Hii ndo inayonichoma roho kuliko zote kwa hivo ntakaa nayo sana, zingine ntapita mbio.

Nikamwambia haya nionyeshe hizo picha mbovu. Akanionyesha ya nyanyake, amekaa barazani saa saba mchana, nyuma yake ukuta wa chokaa unawaka jua. Uso wa nyanya mweusi tii, macho hayaonekani, buibui na uso vimekuwa kitu kimoja. Sasa jamani hapo kamera imekosa nini? Imefanya kazi yake sawasawa. Kila kamera, ya bei rahisi na ya bei ya shamba, inapima mwanga ikichukulia kwamba kilicho mbele yake ukikichanganya chote kinatoka kijivu. Ikiona ukuta mweupe umejaa inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyanya anazama gizani. Ndo maana kanzu za Maulidi zinatoka kama hazijafuliwa. Na ukimpiga mama wa buibui karibu karibu, nguo nyeusi ikajaa fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza, buibui linakuwa kijivu na uso unaungua. Zile mpya zinajua kutafuta uso na kosa linapungua, lakini tabia ni ileile.

Dawa yake iko kwenye kamera uliyonayo, kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kweupe kukizidi ongeza, weka +1, hapo mwanga unakuwa mara mbili. Kweusi kukizidi weka -1, unakuwa nusu. Kwenye simu gusa uso wa mtu kwenye kioo halafu telezesha kidole juu au chini, simu nyingi zinakubali. Tundika kanzu moja ukutani nyumbani upige 0, upige +1, upige +2 uangalie mwenyewe, ni dakika tano tu na utakuwa umejua kitu ambacho watu wana kamera za maana na hawakijui.

Halafu nikaigeuza lenzi yake kuelekea dirishani. Alama za vidole, chumvi ya bahari imekauka juu yake, na doa la mafuta nadhani ni mahamri. Lenzi kama hiyo kila taa inatoka na ukungu pembeni. Nikapuliza mchanga kwanza, nikafuta kwa kitambaa cha miwani, tukatoka nje.

Sasa sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tumepewa kitu ambacho wapiga picha wa kwingine wanakitengeneza kwa vitambaa na mataa ya gharama. Vichochoro vyetu vyembamba, kuta ndefu, nyeupe. Jua likipiga juu ya ukuta wa upande mmoja mwanga unagonga chokaa unarudi upande wa pili, laini, bila kivuli kikali. Nikamchukua mpwa wangu nikamsimamisha ndani ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, hatua moja tu nyuma ya ukingo wa kivuli, uso kautoa nje kwenye ukuta unaong'aa, nyuma yake mlango wa kuchonga. Nikaweka +1 manake kofia nyeupe na kanzu nyeupe, nikapiga kwa kamera yake yeye, lenzi yake yeye. Macho yakatoka na nukta ya mwanga ndani, nyuzi za kofia unazihesabu. Kijana akaitazama, akaniuliza "ami, umebadilisha lenzi?" Sijabadilisha kitu, nimemtoa mtu juani nikamtia kivulini, basi.

Na hili la jua mlisikie vizuri. Sisi tuko nyuzi mbili hivi kusini mwa mstari wa ikweta, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua linasimama juu ya utosi kabisa, na miezi mingine halijaenda mbali. Saa sita mpaka saa tisa kila mtu ana mashimo meusi machoni, hata umpige na kamera ya milioni. Halafu jioni jua letu linashuka wima, mbio, si kama Ulaya ambako linateleza pembeni taratibu. Zile video mnazoangalia zinasema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu, hapa kwetu ukipata nusu saa tamu umeshukuru, kwa hivo ukifika saa kumi na mbili na robo ndo unaanza kutafuta pa kusimama umeshachelewa.

Tena mji wetu umeangalia mashariki, unatazamana na Manda. Jua la asubuhi ndo linalopiga nyumba za mbele na majahazi usoni. Jioni linazama nyuma ya mji, mbele kote kuko kivulini. Lakini kila siku naona watu wamejipanga gatini jioni wanangojea rangi, wanarudi nyumbani wanalaumu kamera. Hakuna kamera itakayokutolea jua upande wa Manda saa kumi na mbili jioni! Amka saa kumi na mbili asubuhi, shuka pwani, saa moja utakuwa nazo.

Ushauri wangu mimi, na wanafunzi wangu wanauchukia mpaka wauelewe: lenzi yako ya 18-55 izungushe mpaka 35, tia kipande cha tepu isiende mbele wala nyuma, tembea nayo hivo mwezi mzima. Kwenye kamera nyingi hizi za kuanzia 35 inaona karibu sawa na 50 ya kamera za filamu, na Henri Cartier-Bresson, mpiga picha yule Mfaransa, sehemu kubwa ya kazi zake kafanya kwa lenzi ya 50. Ukitaka karibu sogea, ukitaka mbali rudi nyuma, na angalia punda asikukanyage. Mwezi ukiisha utakuwa unaijua picha kabla hujainua kamera.

Ukweli ni kwamba iko siku kamera itakubana, sikatai, harusi za usiku ndani ya nyumba zinabana. Hata hapo usikimbilie kamera mpya, tafuta lenzi ndogo ya 50 ya f/1.8 hata iliyotumika, namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linafunguka zaidi. Ile ya kwako ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu, hii inaingiza mwanga karibu mara kumi. Na haifiki hata robo ya pesa ya injini.

"Megapikseli nyingi ndo picha kali"

Megapikseli ni hesabu ya nukta za picha kwa milioni. Kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa ubora kamili unahitaji megapikseli chini ya tisa. Simu yako ilishapita hapo zamani. Kinachoiua picha ni kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ikifika kwangu dukani imeshaminywa. Tuma kama dokumenti, nimesema mpaka nimebandika ukutani na bado watu wananiletea vipicha vya kubana wanataka fremu ya sebuleni.

"Mtaalamu hatumii oto, anatumia manuali tu"

Sijui nani kaanzisha hii lakini inawakatisha tamaa watu. Mimi kutwa nzima niko kwenye alama ya A, kwenye Canon imeandikwa Av, nachagua tundu la lenzi mwenyewe, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, inachagua kamera, na kile kitufe cha +/- kiko chini ya kidole. Manuali, yaani kuchagua vyote mwenyewe, natumia pale mwanga haubadiliki, kama ukumbini. Anza na A, ukiona unajua kamera itachagua nini kabla haijachagua, nenda huko kwengine.

"ISO usipitishe 400, picha inaharibika"

Haya yalikuwa maneno ya kamera za zamani sana. ISO ndo namba inayoipa kamera nguvu ya kuona penye giza, ikipanda sana picha inatoka na chembechembe. Watu wanaogopa chembechembe wanaacha ISO chini, ikifika magharibi shata inashuka moja kwa kumi na tano ya sekunde, mkono unatikisika na picha nzima inakuwa ukungu. Chembechembe zinasameheka, ukungu wa mkono hausameheki na kuuondoa kwenye kompyuta ni shida. Mtu anatembea nataka 1/250, punda anakimbia au dau limekamata upepo nataka 1/500, na ISO ipande mpaka itakapofika, 1600, 3200, sawa tu.

"Usiku lazima flashi"

Flashi ile ndogo ya kuruka juu ya kamera nguvu yake ni mita tatu nne. Usiku wa Maulidi unaiwasha ukiwa nyuma ya watu mia, unachomulika ni visogo vya walio mbele yako, na unawasumbua watu wako kwenye dhikri. Izime. Angalia taa iko wapi, zunguka mpaka nyuso zinazoelekea ile taa zikuangalie wewe.

"Nikivuta zumu ya simu napata karibu"

Ukivuta kwa vidole kupita lenzi zake halisi unakata picha tu, ungeweza kuikata baadae nyumbani. Tembea.

"Nafuta kwa shati, haina neno"

Ina neno. Shati la pwani lina mchanga na chumvi, unaikwaruza. Na ukitoka chumba cha AC ukaingia kwenye joto letu lenzi itafunga mvuke, usifute fute, iache ndani ya mkoba umefungwa ipate joto pole pole, kama nusu saa.

"Picha ya kweli ni ya kuvizia"

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Hapa si mahali pa kuvizia mtu, hasa akina mama, mtu yuko mlangoni kwake na wewe umejificha kwenye kona na lenzi ndefu. Haifai, na picha yenyewe haiji nzuri, inakuja mgongo wa mtu anakimbia. Salimia, ulizia hali, omba. Akikataa sema asante na uende. Akikubali mara ya kwanza atajikaza kama picha ya kitambulisho, piga hiyo, msifu, usishushe kamera, endelea kuzungumza. Akianza kucheka au kumjibu mtoto ndani ya nyumba, hapo ndo ubonyeze.

Yule kijana injini bado iko kwenye boti. Juzi kanitumia picha ya nyanyake tena, kama dokumenti, safari hii kamkalisha ndani ya daka asubuhi, anachambua mchele kwenye uteo. Vidole unaviona, na punje zinaruka. Imeinama kidogo kushoto, nimemwambia aje Jumamosi tulitazame hilo.