"Hajawahi kupigwa": dhana potofu kuhusu hadhi ya mabondia wa uzito wa juu

Kaa kando ya ulingo Naguru au Katwe, hapa Kampala, jioni moja tu, utasikia watu wakibishana nani bondia bora wa uzito wa juu: "Rocky Marciano 49–0 (ushindi 49, hajapoteza hata moja), mjadala umefungwa." Umefungwa na nani?

Rekodi inasema ameshinda mara ngapi. Haisemi amempiga nani, wala huyo aliyepigwa alikuwa na hali gani siku hiyo. Chukua karatasi, andika mapambano matano makubwa aliyoshinda bondia wako. Kando ya kila moja weka umri wa mpinzani, uzito wake na matokeo ya mapambano yake matatu yaliyotangulia. Kwa Marciano utapata Joe Louis, 1951, miaka 37, aliyerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Utapata Walcott, 1952, miaka 38, na mzee huyo alikuwa akiongoza kwenye kadi za waamuzi wote watatu mpaka alipoangushwa asiinuke raundi ya 13. Kwa raundi 12 za leo, Walcott angeondoka na mkanda wake. (Najua, wangepigana kwa hesabu nyingine. Ndiyo maana rekodi haihamishwi kutoka zama moja hadi nyingine kama gunia la mahindi.)

Sasa mwandike Muhammad Ali. Amepoteza mara 5. Joe Frazier, Ken Norton na Leon Spinks walimshinda, lakini aliwarudia akawashinda. Larry Holmes na Trevor Berbick walimkuta ana miaka 38 na 39. Upande wa ushindi yupo Sonny Liston, tena mara mbili, na yupo George Foreman, aliyefika Kinshasa 1974 bila kupoteza hata pambano moja. Huyo Holmes naye alifika 48–0 kabla ya Michael Spinks, mdogo wake Leon, kumzima 1985. Angestaafu mwezi mmoja kabla, ngumi zake zingekuwa bora zaidi? Waganda tungepaswa kulijua hili mapema: John Mugabi wetu alikuwa amewamaliza wapinzani wake wote kwa KO, yaani kabla pambano halijafika kwenye pointi, hadi Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, alipomsimamisha raundi ya 11, Machi 1986.

"Majitu ya leo yangewameza wa zamani." Hilo ni swali la nani angempiga nani, si la nani mwenye hadhi kubwa zaidi. Marciano alipanda ulingoni na kilo 85 hivi, na leo angekuwa daraja la kruza, ambalo mwisho wake ni karibu kilo 91. Mwili una faida, sikatai. Lakini Oleksandr Usyk alimpiga Tyson Fury mara mbili mwaka 2024 huku akizidiwa zaidi ya kilo 15. Mpime mtu kwa wapinzani wa zama zake kwanza.

"Mike Tyson hakupigwa mpaka jela ilipomharibu." Angalia tarehe, jamani. Buster Douglas alimpiga KO raundi ya 10 mjini Tokyo, Februari 1990, Tyson akiwa na miaka 23. Jela aliingia 1992.