Fedha na uwekezaji wa milki: mwanafunzi anasomea nini hasa?

Fedha na uwekezaji wa milki ni taaluma inayouliza jengo au kiwanja kinafaa kulipiwa kiasi gani leo, kwa fedha za nani, na fedha hizo zitarudi kwa njia gani. Milki hapa si matofali tu, ni ardhi, kilichojengwa juu yake na haki zinazoambatana navyo. Kwa Tanzania kipande hicho cha mwisho kina uzito wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo anayesema "nimenunua kiwanja" amenunua haki ya kukitumia. Kama kina hatimiliki, haki hiyo ina muda uliotajwa, usiozidi miaka 99.

Masomo haya huchanganywa na ya uthamini. Ni ndugu, na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinafundisha yote mawili, lakini kazi ni tofauti. Mthamini anakadiria bei ambayo soko lingetoa. Mtu wa fedha anapokea bei hiyo kisha anauliza kama inamfaa mnunuzi huyu, mwenye mtaji huu na mkopo wa riba hii. Nyumba yenye thamani ya haki sokoni inaweza kuwa uwekezaji mbovu kabisa kwa aliyekopa. Ndiyo maana ratiba ya masomo inachanganya hisabati ya fedha, uchumi wa miji, sheria ya ardhi, uhasibu na kodi.

Moyo wa fani ni namba moja, kiwango cha mtaji. Huu ni uwiano wa pato halisi la mwaka kwa bei ya jengo. Unaonekana mwepesi hadi uanze kuutafuta.

Chukua jengo la mfano lenye nyumba 4 za kupangisha, kila moja sh 500,000 kwa mwezi, linalouzwa sh milioni 200. Dalali atakwambia linaingiza milioni 24 kwa mwaka, yaani asilimia 12. Kwanza ondoa muda ambao vyumba vinakaa bila mpangaji pamoja na kodi za pango zisizolipwa. Tukikadiria asilimia 10, inabaki milioni 21.6. Kisha toa gharama: mlinzi 3,000,000, matengenezo 1,800,000, taka, maji na umeme wa nje 1,200,000, msimamizi asilimia 5 ya makusanyo, yaani 1,080,000, bima 400,000, pango la ardhi na kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye Luku, 120,000. Jumla ni 7,600,000. Pato halisi ni milioni 14, na kiwango cha mtaji ni asilimia 7, si 12. Kumbuka kwamba marejesho ya mkopo na kodi ya mapato hayamo humo. Hayo ni mambo ya mwenye jengo, si ya jengo lenyewe, na mwanafunzi anayeyaingiza hapa hawezi tena kulilinganisha na jengo la jirani.

Mlinzi na msimamizi ndio husahaulika zaidi, hasa pale mwenye nyumba anapofanya kazi hizo mwenyewe. Ziandike hata hivyo. Mnunuzi anayeishi mbali, tuseme Mwanza, atalazimika kumlipa mtu.

Sasa swali ambalo mitihani hulipenda: kama hatifungani ya serikali, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, inalipa, tuseme, asilimia 12 bila usumbufu wa mabomba, kwa nini mtu akubali 7? Kwa sababu anatarajia kodi ya pango ipande, wakati malipo ya hatifungani hayabadiliki. Kiwango cha mtaji ni faida anayoidai mwekezaji ukitoa ukuaji wa pato: 12 toa 5 ni 7. (Tunaacha kwanza nyongeza ya hatari, yaani faida ya ziada anayoidai mtu kwa kubeba hatari ya hasara, ambayo ingepaswa kuipandisha hiyo 12.) Anayelipa milioni 200 anaamini, ajue asijue, kwamba pato litakua asilimia 5 kila mwaka bila kikomo. Likikua asilimia 2 tu, kiwango kinakuwa 10 na jengo linastahili milioni 140. Milioni 60 zimetoweka na ukuta hauna hata ufa.

Hapo ndipo kosa baya kuliko yote linapozaliwa. Mwanafunzi anachukua asilimia 7 kutoka sokoni, anaitumia kupunguza mapato ya miaka ijayo yawe thamani ya leo, na wakati huohuo anayakuza mapato hayo kwa asilimia 5 kila mwaka. Ukuaji umehesabiwa mara mbili: 7 toa 5 ni 2, na milioni 14 gawanya kwa asilimia 2 ni milioni 700. Kwa milki moja jibu hilo linachekesha. Likifichwa ndani ya jedwali la Exceli lenye safu 40 za miaka, halimchekeshi mtu kwa sababu halionekani.

Halafu mkopo. Benki ikitoa asilimia 60 ya bei, yaani milioni 120, kwa riba ya asilimia 15 na miaka 15, riba ya mwezi ni asilimia 1.25 na marejesho ni miezi 180. Kila mwezi unalipa karibu sh 1,680,000, sawa na milioni 20.2 kwa mwaka. Jengo linatoa 14. Pengo la milioni 6.2 litatoka mfukoni. Mkopeshaji akitaka pato liwe mara 1.25 ya marejesho, jengo hili linabeba mkopo wa takribani milioni 67, theluthi moja ya bei. Sababu ni wazi: fedha iliyokopwa kwa 15 inawekwa mahali panapozaa 7. Kila shilingi ya mkopo inapunguza pato la mwaka la mwenye mtaji, na kinachobaki ni kusubiri bei ipande. Kupanga kwa njia hiyo si dhambi, lakini andiko la mradi liseme hivyo waziwazi.

Kipengele cha mwisho ni muda uliobaki kwenye hati. Hapa hisia za wengi hukosea. Kwa pato lisilokua la milioni 14 na faida ya asilimia 12, haki isiyo na mwisho ina thamani ya milioni 116.7. Ikibaki miaka 33 ni milioni 113.9, tofauti ndogo mno, kwa kuwa fedha za mbali hazina uzito leo. Ikibaki miaka 10 inashuka hadi milioni 79.1, kabla hujauliza kama mmiliki ataongezewa muda na kwa masharti gani.