Ushahidi wa utafiti darasani: maana yake na namna shule inavyoutumia

Kufundisha kwa ushahidi wa utafiti ni kuchagua njia ya kufundisha, au kupitisha sera ya shule, kwa sababu imejaribiwa kwa watoto, wakalinganishwa na wenzao ambao hawakuipata, na tofauti ikapimwa. Hapo kwenye kulinganisha ndipo penye uzito wote. Shule moja ya Faza, kisiwani Pate huku Lamu, ikipata vitabu vipya na alama zikapanda, bado hakuna ushahidi. Huenda zimepanda vijiji jirani vya Siyu na Kizingitini pia, ambako vitabu havikufika. Huenda mtihani wa safari hii ulikuwa mwepesi, au watoto wanaosoma kwa shida ndio waliokosa kuja siku hiyo.

Utafiti wa namna hii umefanywa sana hapa Kenya. Huko Busia, miaka ya tisini, shule ziligawanywa makundi bila kuangalia ipi nzuri ipi mbovu, kundi moja likapewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasani, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza kwa wengi wao ni lugha ya tatu. Michael Kremer, mmoja wa watafiti hao, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za aina hii.

Mwalimu wa Lamu afanye nini na habari ya Busia? Asikimbilie kusema vitabu havisaidii. Atazame sababu, kisha aulize kama sababu hiyo iko kwake. Mtoto wa Mpeketoni anayezungumza Kikuyu nyumbani na Kiswahili sokoni yuko karibu sana na yule wa Busia. Mtoto wa Amu, yaani mji wa Lamu, amezaliwa ndani ya Kiswahili, kwa hivyo kitabu cha Kiswahili kwake ni jambo jingine kabisa, ila kile cha sayansi kilichoandikwa kwa Kiingereza kitamsumbua vile vile.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Kwale. Katika shule 101, watafiti walijaribu mambo mawili. La kwanza, kuwapima watoto malaria shuleni na kuwatibu waliopatikana nayo. La pili, kuwasaidia walimu wa madarasa ya chini kufundisha kusoma, kwa mafunzo, maandalio ya somo yaliyokwisha kuandikwa, na ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Kupima malaria, jambo ambalo mzazi yeyote wa pwani angelitarajia lifae, hakukupunguza upungufu wa damu wala kuongeza umakini darasani. Kuwasaidia walimu ndiko kulikoinua usomaji, na hata walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, dhidi ya 5.3 katika shule ambazo hazikusaidiwa. Kujua lisilofaa kuna thamani kubwa: kunaokoa pesa na muda wa walimu.

Shule yenyewe nayo inaweza kujaribu. Chukua Gredi ya 3 yenye mikondo miwili. Kabla ya kubadilisha lolote, mpime kila mtoto peke yake, nje ya darasa, wenzake wasimsikie. Mpe karatasi yenye hadithi ya maneno kama 60, washa saa ya simu, asome kwa sauti dakika 1. Wewe shika nakala yako, na kila neno alilokosea lipige mstari. Akikwama sekunde 3, mwonyeshe neno linalofuata na hilo lihesabu kosa. Dakika ikiisha, tia alama alipofika. Aliyefika neno la 38 akiwa amekosea 6 amepata 32. Mtoto wa Amu akisoma "mato" palipoandikwa "macho", usimkate: amelisoma neno, ametamka kwa lahaja ya kwao. Asiyeweza hata mstari wa kwanza msimamishe kwa upole, umpime silabi na herufi, maana huyo ndiye unayetaka kujua amekwama wapi.

Halafu amueni kwa bahati nasibu, kama kwa kurusha sarafu, ni mkondo upi uanze njia mpya. Baada ya wiki 10 pimeni tena kwa hadithi nyingine yenye ugumu ule ule, na anayepima asiwe mwalimu wa darasa hilo. Tuseme mkondo wa kwanza umetoka wastani wa 20 ukafika 33, na wa pili umetoka 21 ukafika 30. Faida ya njia mpya ni maneno 4, si 13, kwa kuwa 9 yangekuja hata bila hiyo njia. Na hayo 4 yaweza kuwa ni ya mwalimu tu. Ndiyo maana muhula unaofuata mkondo wa pili nao uipate njia hiyo, muone kama utapanda vile vile.

Makosa yanayoharibu jaribio ni ya kawaida sana. Mwalimu anawazoesha watoto hadithi ya mtihani. Au wanachukuliwa walioshika mkia peke yao. Hao hupanda kidogo hata bila msaada, kwani baadhi walikuwa na siku mbaya tu. Au waliokosa kipimo cha pili wanasahauliwa. Linganisha waliopimwa mara zote mbili, na uandike kila mkondo umepoteza wangapi.

Kwenye sera, jambo huharibika pale shule inapochukua nusu ya kilichofanya kazi. Tusome, programu ya serikali ya kufundisha kusoma madarasa ya chini iliyoanza nchi nzima mwaka 2015, ilikuwa na kitabu kwa kila mtoto, kiongozi cha mwalimu, na afisa wa kumtembelea mwalimu darasani na kumwelekeza. Kwenye visiwa, ziara ndizo rahisi kukatwa, kwani zinataka boti na mafuta, na kusi ikivuma bahari huchafuka. Bila ziara, kiongozi cha mwalimu hubaki kabatini. Kwa hivyo bodi ya shule ikipitisha njia mpya, kumbukumbu za kikao ziseme nani atamtembelea mwalimu, mara ngapi kwa muhula, nauli itatoka fungu gani, na watoto wakipungukiwa na maneno mangapi kufikia tarehe gani njia hiyo itaachwa.