Bima ndogo hailipi Land Rover yako
Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, Land Rover kuukuu zilizotoka jeshini hupakiwa dagaa, kijani cha zamani kikichungulia chini ya rangi mpya. Wenyewe husema: "Ina bima, ikipinduka nitalipwa." Hapana, ndugu zangu. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, humlipa uliyemgonga: majeraha, kifo, mali yake. Bodi yako iliyokunjamana ni juu yako.

Inayolipa gari lako ni bima kubwa. Benki nayo kwa kawaida huidai ukikopa kwa dhamana ya gari. Ila kwa gari la umri huo kampuni nyingi hutaka ukaguzi kwanza, na fidia hufuata thamani ya soko, si hela ulizomwaga kwenye injini. Kwa hiyo, kabla hujalipia, mpe mthamini picha na risiti za matengenezo. Inaniuma watu wakizitafuta baada ya ajali.